Walikuita Mbarara Siku ya Alhamisi

Mapendo mwanangu,

Sikuulizi kama uko mzima, maana umetoka hapa mlangoni saa hii tu na nimekuona kwa macho yangu. Umevaa ile blauzi ya kanisa, unakwenda Base Camp, kule kwenye maofisi ya kambi, kupiga foto ndogo za kubandika kwenye fomu. Umesema, "Mama, nitachelewa, kule mustari ni murefu." Nikasema sawa, enda. Nilikuwa nangoja uchelewe. Nimechana karatasi za katikati ya daftari lako la zamani la hesabu, nimekaa kwenye mkeka upande wa jiko, fasi ambapo jua bado liko, na ninaandika. Unajua kuandika kwangu ni kama kuchambua mchele wenye mawe. Nilifika mwaka wa nne tu kule Mboko, baba yangu akasema msichana akiweza kusoma Zaburi inatosha. Utanivumilia.

Mambo ya kula na kuvaa siandiki. Huyo mwanamke wa kanisa utakayelala kwake Mbarara ana watoto wanne na wote wamenona, nawe hukuwa mtu wa kuambiwa oga. Nina jambo moja. Nisipolisema leo utaambiwa kesho na mtu mwingine, dirishani, kwa sauti ile ya biro, ya watu wa ofisi, na watu nyuma yako wanasikiliza.

Umeniambia kwamba kabla ya kupeleka fomu ya chuo utapita kwanza kwenye ile ofisi inayolipia wakimbizi masomo, uwaombe wakuangalie mara ya pili. Utasimama useme, "Mimi ni Mapendo, niliomba miaka mitatu iliyopita, sikuchaguliwa." Watafungua kitabu chao. Watakuambia: tulikuita, hukuja.

Ni kweli, mwanangu. Walikuita. Barua yako niliificha mimi.

Sasa nimeliandika. Nimesimama kidogo nikageuza sufuria, nimerudi, na neno bado liko hapo kwenye karatasi.

Acha nianze mbali kidogo, si kwa kukimbia, lakini nataka ujue kwamba nilikujua vizuri wakati nilipofanya vile. Ungekuwa mtoto wa akili ndogo ningejitetea. Lakini nilikujua tangu siku ya kopo.

Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Nilikuwa nauza unga na dagaa pale sokoni karibu na bomba, na nilikuwa na kopo la kupimia ambalo nilikuwa nimelipiga tako kwa jiwe mpaka likaingia ndani. Wanawake wote wa mstari ule walikuwa na kopo la namna hiyo. Mtu anaona limejaa mpaka juu, kumbe chini limekula kiganja kizima. Siku moja ulikaa ukiligeuzageuza, ukaniuliza mbele ya wateja, "Mama, juu ya nini kopo yetu iko na kitovu?" Watu wakacheka. Nikakufinya. Ulipofika nyumbani ulichukua mchi wa kinu, ukalipiga kutoka ndani mpaka likanyooka, ukalirudisha kwenye kikapu. Kesho yake sikuwa na kopo lingine, nikapima na lile. Mama Esperansi wa meza ya pili akapiga kelele, "Eh, Mama Mapendo! Leo umeokoka mara ya pili?" Nilikasirika na wewe juma zima. Lakini juma la pili wale wanawake wa Kisomali wa upande wa juu wakaanza kuja kwetu, wakipita meza zote, na unga ukawa unaisha kabla ya saa sita. Nilifikiri ni bahati. Wewe ukasema, "Si bahati, Mama. Banapima tena ku nyumba."

Hapo ndipo masomo ya biashara yalipoanza, si kwenye fomu. Na mimi miaka yote nilikucheka. Nilisema nani anasoma darasani mambo ya kuuza, mbona mimi ninauza bila kalamu? Ukanijibu, ulikuwa kidato cha tano wakati ule, "Mama, umeuza miaka kumi na hauwezi kusema kama ulipata ao ulipoteza." Niliwahadithia watu kanisani neno lile kama mchezo. Usiku sikulicheka.

Basi ukamaliza kidato cha sita. Ukaomba ile nafasi ya kulipiwa chuo. Ukaandika mwenyewe kurasa mbili za kwa nini unataka biashara, ukanisomea huku ukizigeuza kwa Kiswahili, nami nilikuwa nasikiliza na sikio moja tu. Lile lingine lilikuwa kwenye ubao.

Unaikumbuka homa ile ya prosesi. Jina la familia likibandikwa kwenye ubao kwamba itaitwa kuulizwa maswali ya kupelekwa Amerika, watu wa nyumba hiyo walikuwa hawako hapa tena hata kama bado unawaona. Hawalimi. Wanagawa kuku. Baba Amani alioga alfajiri maji yaliyolala nje, eti mwili uzoee theluji, mpaka akashikwa na kifua, na mke wake akamwambia, "Amerika itakukuta umeshakufa na baridi ya Isingiro." Tulicheka sana. Halafu jina letu likatoka na mimi nikawa kama yeye. Niliuza mbuzi wote watatu. Shamba la bondeni nikaliacha lilale, nikasema maharage ya kupanda mwezi wa tatu nitayavuna nikiwa wapi? Nikaenda mpaka Isingiro kununua ile valizi nyeusi ya magurudumu na matriko mawili mazito ya kuvaa kwenye baridi. Kwenye maombi ya Jumatano mama mmoja akasimama akasema ananiona ndani ya ndege, kiti cha dirisha. Niliamini hata habari ya dirisha.

Siku yetu ya maswali iliandikwa Alhamisi, na chini yake imeandikwa watu wote wa nyumba wawepo. Watu wa nyumba ni mimi na wewe.

Siku ya Jumatatu ya juma lile wewe ulikuwa Kabingo, ulikuwa ukifundisha kwenye ile shule ya watoto wadogo, ulikuwa unarudi kesho yake. Mwenyekiti wa kijiji akaja na bahasha ya jina lako. Ilikuwa Kiingereza. Akanisomea amesimama hapo hapo mlangoni, na alikuwa anafurahi kuliko mimi.

"Mama Mapendo, mutoto amechaguliwa! Bamemuita Mbarara, bamuulize maswali ya mwisho, kisha bamulipie chuo. Alhamisi, saa tatu ya asubuhi."

"Mwenyekiti, Alhamisi si njo siku yetu ya Amerika?"

Akatazama karatasi tena kama vile siku inaweza kubadilika. "Ee. Njo ile ile. Basi enda ku biro, uombe batafute siku ingine."

Ningekwenda, Mapendo. Nilivaa viatu. Lakini nilipita kwa Mama Esperansi nimuulize biro gani, na yeye akanikalisha. "Ombeni muone! Miye kijana yangu alikosa siku moja tu, alikuwa Kampala, dosie yangu ya Amerika inalala ku biro mupaka leo. Na hata asipokosa, mutoto akishalipiwa chuo hapa, batasema huyu ameshapata maisha Uganda, ya nini kumupeleka? Batamutoa ku dosie. Utaenda Amerika peke yako, na yeye abakie." Sijui kama ilikuwa kweli. Hata leo sijui, sikuuliza mtu wa biro hata mmoja. Hapa kwetu neno la jirani aliyekosa lina nguvu kuliko neno la karatasi. Nilivua viatu.

Barua nikaiweka ndani ya valizi, chini ya matriko. Mwenyekiti aliponiuliza nilimwambia mtoto mwenyewe amekataa, anataka Amerika. Ndiyo maana alikutazama vibaya mwaka mzima na kukuita "bibi wa Ulaya" kila ulipokwenda kupigiwa muhuri. Ulikuja unaniuliza nimemkosea nini mzee huyu. Nikasema ndivyo alivyo.

Alhamisi tukaenda pamoja kwenye maswali. Nakumbuka kila kitu. Ulikuwa umesuka nywele. Saa tatu ilipofika tulikuwa kwenye benchi, unakula muhogo wa kuchoma, na mimi nikatazama saa ya ukutani nikajua kwamba sasa hivi Mbarara wanaita jina lako. Nikakwambia futa mdomo.

Wakatuuliza kila mtu peke yake. Majirani walikuwa wamenifundisha nisiseme kwamba tulikaa Tanzania, eti aliyekaa Tanzania anarudishwa Tanzania. Kwa hiyo mimi nikasema tulitoka Mboko, tukavuka ziwa, tukaja moja kwa moja mpaka Kikagate, mpakani mwa Uganda. Wewe sikukufundisha, niliona haya kukufundisha uongo baada ya habari ya kopo. Ukasema kweli: tulikaa Tanzania miezi minane, na hapo ndipo tulipopata habari kwamba baba yako hatakuja. Jioni ulinisimulia ulivyojibu, nikajua majibu yetu yamepishana, nikakwambia koka moto.

Mwezi uliofuata ofisi ya masomo ikabandika majina ya waliopata. Nilikuwa nyuma yako. Ulisoma ubao kutoka juu mpaka chini, halafu ukaanza tena juu ukiweka kidole. Mara ya tatu hukuweka kidole. Ulipogeuka hukulia, na ingekuwa heri ulie. Ulisema, "Mama, nilifikiri miko na akili. Kumbe ni akili ya kambi tu."

Na mimi nikasema, "Mungu ana mpango wake."

Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini neno lile ndilo linalonizuia kusali. Nilimtwika Mungu valizi yangu. Ulikubali kabisa, ukasema amina, ukaenda kuteka maji. Na tangu siku ile hukuomba kitu tena. Ukarudi kwenye unga na dagaa. Kiingereza chako ukakiweka. Wale wenzako waliopata walipokuja likizo ulikuwa unapita njia ya nyuma ya kanisa. Niliona yote. Kila mara nilisema nitamwambia tukishapanda ndege. Kule kuna vyuo vingi, atacheka tu. Nilikaa juu ya uongo wangu miaka mitatu nikingoja ndege ije inisaidie.

Umeiona karatasi iliyokuja mwezi wa kumi. Mistari mitatu ya kutukatalia Amerika na alama kwenye kisanduku: majibu ya watu wa nyumba hayafanani. Wewe ukashika kichwa. "Ni miye, Mama. Ni miye nilisema Tanzania." Ukalia kwa ajili ya Amerika ambayo hukuitaka sana, ukiniomba mimi msamaha. Na mimi nikakupapasa mgongo, nikakusamehe. Nilikusamehe, Mapendo! Kwa kusema kweli!

Sikuwa naweza kulala baada ya hapo. Mwezi uliopita nilipokwambia naenda kumwona mgonjwa Rubondo, sikwenda Rubondo. Nilivaa kitenge cha Pasaka, nikachukua mfuko wa maharage, nikaenda Mbarara kwenye ofisi ile. Nilijua kwamba umeanza tena kuwaza chuo. Nilikuta karatasi ya fomu chini ya godoro, na sikuificha. Nikasema niende kabla yako, nimbebee mwanangu jambo lake.

Nilikaa mpaka saa sita. Akaniita binti mmoja wa miwani, Mnyankole, mwenye heshima. Nikataja jina lako. Akatafuta, akageuza kitabu nikione, kama kwamba nitasoma.

"Mama, huyu tuliita yeye. Jina yake iko hapa. Hakukuja. Hata simu hakupiga."

"Mtoto hakujua. Ni mimi nilificha barua."

Akavua miwani. "Kwa nini mama anafanya hivyo?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani, habari ya dosie na ya kijana wa Mama Esperansi. Nikasema, "Niliogopa kubaki mwenyewe." Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nilijisikia nikilisema, na nikajua kwamba ndiyo sababu yenyewe. Zile zingine nilizivaa juu yake kama triko.

Akasema pole. Akasema sheria yao ni kwamba ukiitwa ukakosa, hawaiti tena. Tena miaka yako sasa imepita ile wanayochukua. Nikamuuliza kama nikileta karatasi ya kusema kosa ni langu. Akasema, "Unaweza kuleta, mama. Lakini sitaki kukudanganya." Nikamsukumia maharage. Akayarudisha taratibu kwa mikono miwili. "Hii rudi nayo nyumbani. Hapa haturuhusiwi."

Sikurudi moja kwa moja. Niliuliza njia ya chuo, nikaenda nikasimama getini na mfuko wangu kichwani. Vijana wanaingia wanatoka, vitabu kifuani, wengine wanacheka na simu. Askari akaniuliza kwa Kinyankole, halafu akaona sielewi, akageuza kwa kile Kiswahili chao cha jeshi. "Mama, unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu. Naangalia fasi mtoto wangu atasomea."

"Iko nasoma hapa?"

"Bado."

Akanicheka, lakini si vibaya. "Basi angalia. Kuangalia hakuna kulipa." Akanisogezea kile kiti chake. Nilikaa nikaangalia mpaka gari la Kabingo lilipokaribia kuondoka. Kuna jengo moja refu lenye madirisha ya kijani. Sijui wanasoma nini mle. Nilikuweka mle kwa macho yangu, dirisha la pili.

Nimekuandikia haya yote na sijakuambia kwamba itakuwa vizuri. Sitasema. Zamani ningesema, na ungesema amina. Chuo kinaweza kukukubali, una alama zako, lakini ada sioni itatoka wapi. Unga hautailipa. Ile kazi ya kuuza dukani uliyopata Mbarara itakulisha tu, kama itakulisha. Kwenye dirisha la masomo watakujibu nilivyojibiwa. Nimepindua jambo hili kila upande kama ulivyopindua kopo, na sioni mahali pa kupiga mchi.

Nilichoweza kufanya ni kidogo. Juzi nilikwenda kwa mwenyekiti, nikamwambia kweli, nikamwomba aiandike na kupiga muhuri: kwamba Mapendo hakukataa, hakupewa barua, na aliyeificha ni mama yake. Mzee akaweka kalamu chini.

"Mama Mapendo, karatasi hii itakuharibia jina. Na kama ulitaka kukata rufaa ya Amerika, ikifika kule biro, njo mwisho."

"Andika, Mwenyekiti."

"Batu ba kanisa batasema."

"Baseme. Jina langu linanisaidia nini?"

Akaandika. Alipomaliza akasema, "Na miye nilikuwa namuita huyu mutoto bibi wa Ulaya." Akafuta macho na mkono wa koti. Atakuja kanisani kukuambia mwenyewe siku ukirudi. Kwa sasa anaona haya.

Karatasi ile iko juu ya vyeti vyako, pamoja na barua yako yenyewe, ile ya Alhamisi. Imekunjamana lakini inasomeka. Hata wasipoichukua, wewe ichukue. Jina lako liko pale, limepigwa mashine, na neno la Kiingereza ambalo mwenyekiti alisema maana yake ni kuchaguliwa. Sikujua kwamba nimekuibia lile zaidi ya chuo. Hukushindwa kamwe. Tuliozaliwa tukiogopa tunajua kushindwa, wewe hukushindwa hata siku moja, hata kwa lile jibu la Tanzania hukushindwa. Kuhusu kisanduku kile ulikuwa mkweli, na uongo ulikuwa wangu, nilioazima kwa majirani.

Na pale chuoni wakikuuliza kwa nini unataka kusoma biashara, usiwape zile kurasa mbili za Kiingereza kizuri. Wahadithie kopo. Sema mama yako alikuwa mwizi, sitakasirika.

Valizi unayobeba kesho ndiyo ile. Nimeipangusa vumbi. Triko moja nimekuachia, Mbarara asubuhi kuna baridi, hili lingine nimelivaa sasa na linaniwasha shingo. Kumbe Amerika ilikuwa hivi.

Siombi unisamehe kabla ya gari. Mimi nilikusamehe haraka nawe hukuwa na kosa, nikaona jinsi msamaha wa haraka unavyoweza kuwa matusi. Kaa nao wakati unaotaka. Usipopiga simu nitajua uko hai kwa mwanamke yule wa kanisa, nimeshamwambia aniambie hilo tu, yasiyo hilo asiseme.

Naona vumbi la pikipiki kule kwenye njia, huenda ni wewe na foto zako. Nimalize. Barua hii nitaiweka juu ya valizi, si ndani, asubuhi kabla sijatoka, uisome ukiwa bado nyumbani. Usingoje mpaka dirishani. Sitakuwepo. Mvua imeshuka siku tatu na nimelisafisha lile shamba la bondeni. Jembe lilikataa kuingia, nyasi za miaka mitatu, lakini sasa liko tayari. Nitapanda maharage yale yaliyorudi kutoka Mbarara. Nitaanzia mistari ya chini, iliyo karibu na njia ya gari. Ukitaka kuniaga, utanikuta pale. Ukiona huwezi, panda gari lako upite. Nitalisikia likija, na sitainua kichwa, ili usilazimike kunipungia mkono.

Ni mimi, mama yako.